Stoo Ndogo na Elimu Yake: Utangulizi

Wengi wetu huona kupanga stoo ni kazi ya Jumamosi asubuhi, si jambo la kusomewa. Hata hivyo, chumba cha upana wa mita moja na nusu, kinachotakiwa kumeza gunia la mchele, ndoo, mabeseni, mafagio, pasi na sabuni, kina maswali ambayo wasanifu majengo, wahandisi na walimu wa sayansi kimu wameyahangaikia kwa zaidi ya miaka 150. Jibu lao, kwa ufupi, ni kwamba ubora wa stoo haupimwi kwa ukubwa wa sakafu, bali kwa mwendo wa watu wanaoitumia.

Mwaka 1869, Catharine Beecher na mdogo wake Harriet Beecher Stowe walichapisha Marekani kitabu The American Woman's Home. Walitoa mfano wa jiko la meli: ni dogo, lakini mpishi hulisha umati kwa kuwa kila kitu kiko karibu naye. Baadaye, mjenzi Frank Gilbreth aliwachunguza waashi, akaona nguvu zao zinaishia katika kuinama. Alibuni jukwaa la kuyainua matofali hadi usawa wa mkono. Mijongeo kwa kila tofali ikashuka kutoka 18 hadi takribani 5. Mkewe Lillian, mhandisi na mwanasaikolojia, akaiingiza hoja hiyo jikoni. Mwaka 1926 msanifu Margarete Schütte-Lihotzky wa Vienna alichora Jiko la Frankfurt, lenye mita 1.9 kwa 3.4 hivi, na takribani 10,000 ya aina hiyo yakajengwa. Sukari na mchele vilipewa droo za alumini zenye majina, lakini unga ukawekewa chombo cha mti wa mwaloni ili kuzuia wadudu.

Pwani yetu nayo ina majibu yake. Katika nyumba za mawe za Lamu, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, kiasi cha mita tatu au pungufu. Zidaka zilizojengwa ukutani zilibeba vyombo vya kaure bila kula sakafu. Jikoni, susu ilining'inia kutoka darini, na uchaga ukakaa juu ya meko ili moshi ukaushe nafaka na kufukuza wadudu. Ukuta, hewa na moshi, vyote vilitumika.

Mwanafunzi wa elimu hii huanza na maswali matatu. La kwanza ni marudio: kitu hiki huguswa mara ngapi? Cha kila siku kikae kati ya nyonga na bega, kizito chini, chepesi kisichotumika sana juu kabisa. La pili ni kina: rafu ya sentimita 30 hutosha vitu vingi vya nyumbani, ikizidi sana, cha nyuma husahaulika, na kilichosahaulika hununuliwa tena. La tatu ni tabia ya kitu chenyewe. Mahindi yahifadhiwe yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13 hivi, gunia likae juu ya chaga mbali na ukuta, la sivyo ukungu huleta sumukuvu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni, kwa hiyo mtungi haufai kufungiwa stoo. Jiki isikae pamoja na dawa ya choo yenye asidi, kwani zikichanganyika hutoa gesi ya klorini.

Ubishi nao upo. Jiko la Frankfurt lilisifiwa kwa kuokoa hatua, likalaumiwa kwa kumtenga mpishi peke yake mahali pasipoingia mtu wa pili. Lawama hiyo inatuhusu: stoo zetu hutumiwa na bibi asiyeweza kuinua mikono, mtoto aliyetumwa ndoo na dada wa kazi anayeijua kuliko mwenye nyumba. Kipimo cha mtu mmoja hakitoshi.

Basi, kabla ya kumwita fundi wa rafu, tundika karatasi mlangoni kwa wiki moja. Kila anayeingia aandike alichochukua na alikokitoa. Asiyejua kuandika aandikiwe. Orodha hiyo ndiyo mchoro wako wa kwanza.