Petroli ipo, cheche ipo, pampu haiwaki: tusafishe kabureta iliyoganda

Mvua zimekata, huku Iringa tunashuka bondeni kuanza umwagiliaji, na simu zinafanana: "Afisa, pampu imegoma." Petroli ipo, plagi inatoa cheche, kamba imevutwa mpaka bega linauma, injini inawaka sekunde chache inazima. Kama pampu ilikaa stoo tangu Desemba ikiwa na mafuta ndani, anza kushuku kabureta kabla hujabadilisha kitu chochote. Na usichelewe, kwa sababu nyanya iliyo kwenye maua ikikosa maji inadondosha maua, na maji ya leo mengi kesho hakuna ndiyo yanayoleta matunda kuoza kitako. Kwa hiyo leo tunaacha mbolea, tunashika spana.

Kwanza elewa kilichoziba. Wengi wanasema "uchafu umeingia", lakini mara nyingi hakuna kilichoingia. Petroli yenyewe ndiyo imegeuka. Ikikaa muda mrefu kwenye joto, sehemu nyepesi zinaruka hewani, iliyobaki inaungana na oksijeni na kuwa gundi. Mwanzoni inanata kama asali na inanuka uchachu, baadaye inakauka kuwa utando wa kahawia mgumu kama vanishi ya samani. Kabureta ina vitundu ambavyo havifiki hata milimita moja kwa upana, kwa hiyo utando mwembamba tu unatosha kuvifunga.

Dalili zinakuonyesha palipoziba. Injini ikiwaka ukiwa umefunga choki, halafu inazima ukiifungua, jeti kubwa imeziba nusu. Ikienda vizuri kwa mwendo mkubwa lakini haishiki sailensa, tafuta njia ndogo ya sailensa. Petroli ikimwagika yenyewe kutoka kwenye kabureta, sindano ya floti imenata na haifungi.

Sasa kazi. Fanyia nje penye hewa, mbali na jiko na sigara, vaa glavu na miwani. Funga koki, fungua bakuli la chini la kabureta (kwenye pampu nyingi za aina ya Honda GX160 na za Kichina zinazofanana nayo ni spana namba 10), chomoa pini ya floti, toa floti na sindano yake, kisha fungua jeti kwa bisibisi bapa inayojaa kwenye mfereji wake. Bisibisi nyembamba inaharibu shaba na hutaifungua tena. Piga picha kila hatua kwa simu. Raba zote, gasketi na vya plastiki weka pembeni, haviguswi na dawa kali.

Kwenye dawa ndipo vijana wengi wanapotea. Mafuta ya taa yanatoa grisi na vumbi, lakini vanishi iliyokauka inayacheka. Petroli mpya inalainisha gundi ambayo bado mbichi tu. Tina ya rangi ina nguvu, inafaa kulowekea vipande vya chuma vitupu, ila raba ikiigusa inavimba na kuharibika. Mimi napendelea dawa ya kopo ya kupuliza, ile ya kabureta inayouzwa maduka ya vipuri: puliza, acha dakika kumi mpaka kumi na tano, puliza tena. Kuna wanaotumia magadi ya kutengenezea sabuni, yaani kostiki. Msithubutu. Kostiki inakula aluminiamu, na kabureta yako utairudisha imetoboka.

Shida ni kwamba dawa inasafisha inapofika, na ndani ya kabureta kuna vinjia vinavyopinda ambavyo mswaki hauingii. Hapo mtu anachukua waya wa chuma anachokonoa jeti. Itafunguka, ndiyo, lakini umeshaikwaruza na kuipanua, na kuanzia hapo injini inakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi. Kama lazima uchokonoe, tumia uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme, polepole.

Kilicho bora zaidi ni mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti, altrasoniki. Ni beseni la chuma lenye mtetemo chini yake, nyingi hutetema mara 40,000 kwa sekunde. Mtetemo huo unatengeneza vipovu vidogo sana ndani ya maji, na kila kimoja kinapopasuka kinabandua utando pale pale kilipo, hata ndani ya kitundu cha jeti. Mafundi simu wengi wanazo ndogo za kuoshea simu zilizoingia maji. Jeti na sindano zinaenea humo. Kabureta nzima inahitaji beseni kubwa, na hapo naona kikundi kuchangia moja kuna maana kuliko kila mtu kununua yake.

Weka maji na matone ya sabuni ya vyombo. Kama ina kipasha joto, nyuzi 50 mpaka 60 zinatosha. Vipande vikae kwenye kikapu, visilale kwenye sakafu ya beseni. Dakika kumi, geuza, kumi tena, usiache saa nzima maana aluminiamu nayo inalika. Mashine isiwashwe ikiwa haina maji. Na hili nalisema kwa ukali: petroli au tina HAIWEKWI ndani ya hiyo mashine. Ni umeme, ni joto, mvuke wa petroli unalipuka. Vipande vilivyolowekwa kwenye tina vioshe na vikauke kwanza ndipo viingie. Ukitaka kujua kama mashine uliyouziwa inafanya kazi, ning'iniza kipande cha karatasi ya foili ndani ya maji kwa dakika moja. Ikitoka na vitobo vitobo, nzima hiyo.

Ukimaliza suuza kwa maji safi, puliza kila njia kwa kompresa, kisha inua jeti kuelekea juani. Uone duara safi la mwanga, siyo nusu mwezi.

Mtu ataniuliza, kabureta mpya ya Kichina si rahisi tu? Inunue ukitaka, sikukatazi. Lakini tangi likibaki na ile petroli ya Desemba, mpya nayo itaziba. Mwaga yote, suuza tangi, safisha na kichujio cha koki.

Wenye pampu za mgongoni za injini, zile zinazochanganya oili na petroli, kabureta nyingi zina ngozi nyembamba za raba ndani. Hizo zitolewe kabla ya dawa yoyote, na zikiwa zimekakamaa nunua mpya.

Msimu ukiisha, funga koki injini ikiwa inaunguruma, iache inywe mpaka izime yenyewe, halafu legeza boliti ya chini ya bakuli itoe matone ya mwisho. Mabaki ya tina na petroli chafu weka kwenye dumu lenye mfuniko mpeleke kwa fundi wa gereji anayekusanya oili chafu, yasimwagwe mtaroni wala karibu na kisima mnachonyweshea.