Mawazo mabaya yakikujia usiku, yatazame, usiyafuate

Ni saa nane usiku. Mtoto amelala baada ya kulia kwa maumivu ya miguu, dawa imeanza kumtuliza na nyumba nzima iko kimya. Wewe mzazi wake huna usingizi. Ndipo mawazo yanapoanza: “Mimi ndiye niliyemletea ugonjwa huu. Kliniki nampeleka kila mara na haisaidii kitu. Mimi ni mzazi nisiyefaa.”

Ndugu msomaji, kama una mtoto mwenye selimundu, au wewe mwenyewe unaishi na kisukari, shinikizo la damu au maumivu yasiyokwisha, huenda unaufahamu usiku wa namna hiyo. Ugonjwa una dawa zake na tarehe zake za kliniki. Mawazo hayana tarehe, huja yanapotaka.

Tunayazungumzia leo kwa sababu yanaweza kuharibu matibabu. Mzazi aliyekwisha kuamini kwamba kliniki haisaidii, mwezi ujao ataona uzito wa kwenda. Mgonjwa wa kisukari anayejiambia “mimi ni mzigo kwa wanangu” anaweza kuanza kuruka dozi ili dawa zisiishe haraka. Lilianza kama wazo tu, sasa limeufikia mwili.

Kwa nini “usiwaze” haisaidii

Mtu akiwa na mawazo, wengi tunamwambia, “Achana nayo, usiwaze.” Nia ni njema, lakini akili haifanyi kazi hivyo. Mwaka 1987, mwanasaikolojia wa Marekani Daniel Wegner na wenzake waliwaomba wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na wagonge kengele kila wanapomfikiria. Kengele ziliendelea kulia. Waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wenzao ambao walikuwa wameruhusiwa tangu mwanzo.

Kwa hiyo, kushindwa kulifukuza wazo si dalili ya udhaifu wako. Ndivyo akili zetu zilivyo.

Njia nyingine ni kuliacha wazo lije, kulitazama kwa utulivu, na kutolifuata. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha njia hii wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu katika hospitali ya chuo kikuu huko Massachusetts, Marekani. Baadaye wataalamu Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale waliiboresha kwa ajili ya watu waliowahi kuugua sonona mara kadhaa, na utafiti umeonyesha kuwa inapunguza uwezekano wa sonona kurudi. Asili yake ni tafakuri ya Wabudha, lakini mafunzo yanayotolewa hospitalini hayana ibada ndani yake. Mtu wa dini yoyote anaweza kuyafuata.

Tofauti ya “ni” na “nina”

Kiswahili chetu kinaweza kutusaidia hapa. Mtu mwenye huzuni husema, “Nina mawazo.” Hasemi, “Mimi ni mawazo.” Yeye ni mtu, na mawazo ni kitu alicho nacho, kama anavyoweza kuwa na homa au njaa. Vitu hivyo huja na huondoka, na yeye hubaki.

Tatizo huanza tunaposahau tofauti hiyo na kusema, “Mimi ni mzigo.” Jaribu kuisema upya: “Nina wazo kwamba mimi ni mzigo.” Wazo bado lipo na bado linauma, lakini sasa umesogea hatua moja nyuma, na ukiwa hapo unaweza kulikagua.

Fanya hivi mawazo yanapokujia:

Kwanza, keti au lala vizuri. Sikia miguu yako inavyogusa sakafu au mgongo unavyogusa godoro.

Pili, fuatilia pumzi yako kama kumi hivi, ikiingia na kutoka. Usiilazimishe. Akili ikitangatanga, irudishe bila kujigombeza. Huko kuirudisha ndiko mazoezi kwenyewe.

Tatu, wazo likija, litaje: “Nina wazo kwamba nimeshindwa kumlea mwanangu.” Kisha rudi kwenye pumzi.

Nne, jiulize: je, kuna jambo la kufanya sasa hivi? Kama lipo, lifanye. Kama halipo, liache wazo lipite.

Dakika tano kwa siku zinatosha kuanzia. Anza mchana ukiwa umetulia, ili usiku wa shida usikukute unajifunza. Usitarajie mawazo yaishe. Tarajia kuyatambua mapema zaidi.

Wazo likikaguliwa

Turudi kwa mzazi wetu wa saa nane usiku. “Nina wazo kwamba nilimletea mwanangu ugonjwa.” Ni kweli kwamba selimundu hurithiwa, na mtoto huipata kwa kupokea vinasaba vyake kutoka kwa baba na mama. Lakini wazazi wengi hawajui kuwa wanavyo mpaka mtoto anapougua, na hakuna mzazi anayechagua vinasaba vya kumpa mwanawe. Ukilitazama hivyo, wazo linabaki na huzuni yake, ila hukumu inapungua. Na kesho kutwa kuna kliniki ya kwenda.

Swali lile la nne lisisahaulike, maana si kila hofu ni ya kuachwa ipite. Mtoto mwenye selimundu akipata homa, akapumua kwa shida, akapauka ghafla, tumbo likivimba au upande mmoja wa mwili ukilegea, huo si muda wa kufuatilia pumzi. Mpeleke hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Wakati wa kumwona mtaalamu

Mazoezi haya hayachukui nafasi ya dawa. Usiache wala kupunguza dozi bila kuongea na daktari wako. Kama huzuni, kukosa usingizi au kutopenda chochote kumedumu wiki mbili au zaidi, mweleze mhudumu wa afya, hata katika kliniki yako ya kawaida. Kama umewahi kupatwa na tukio la kutisha na ukikaa kimya linakurudia kwa nguvu, acha mazoezi na utafute mtaalamu wa kukuongoza.

Na kama wazo linalokujia ni la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usibaki nalo peke yako. Mwamshe mtu wa nyumbani, mwambie waziwazi, na mwende hospitali pamoja.