Ritifaa Katika Jina na Maonyo ya Msimbo

Majina mengi ya wanaume wa Kimeru, kama vile M'Mugambi na M'Ikiara, huandikwa kwa ritifaa, nayo alama hiyo, inapojazwa kwenye fomu ya mtandaoni ya chama cha ushirika au ya chuo, huweza kufichua kasoro ya msimbo, yaani maagizo ambayo mwanaprogramu ameiandikia kompyuta. Katika SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, ritifaa hufungua na kufunga maneno. Kwa hiyo programu inayolichukua jina jinsi lilivyoletwa na ombi la mtumiaji na kuliunganisha na agizo hulikata jina baada ya herufi M, kisha huyasoma yanayofuata kana kwamba ni agizo. M'Mugambi hukataliwa tu, lakini mhalifu anayeujua mwanya huo huandika agizo lake mwenyewe hapo, akasoma au kufuta kumbukumbu za wengine.

Kasoro hii hugunduliwa mapema kwa uchanganuzi tuli, ambao ni kuusoma msimbo kwa programu nyingine bila kuuendesha, kazi iliyofanywa mapema na programu iitwayo lint, ya Stephen C. Johnson katika Bell Labs, miaka ya 1970. Vichanganuzi vya leo, kama Semgrep, hufuata thamani tangu inapoingia na ombi hadi inapoifikia hifadhidata, na visipoona mahali ilipodhibitiwa hutoa onyo linalotaja faili na mstari.

Ni kweli kwamba maonyo mengine hayana msingi, kwa mfano pale thamani ilipokwisha kugeuzwa kuwa nambari kamili kwa njia ambayo kichanganuzi hakikuitambua, na wanaprogramu waliochoshwa nayo huyazima yote kwa pamoja. Baya zaidi ni kupiga marufuku ritifaa kwenye fomu, kwa kuwa mwanachama wa ushirika husajiliwa kwa jina lisilolingana na kitambulisho chake, ilhali dawa inajulikana: agizo huandaliwa kwanza likiwa na nafasi tupu, na jina likapelekwa kando, lisiweze kamwe kusomwa kama agizo.

Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inataka ulinzi uwekwe tangu mfumo unapobuniwa, na kwa sababu hiyo Chuo Kikuu cha Embu na kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichoko Nchiru, vingefanya vyema kumtaka kila mwanafunzi wa kompyuta aeleze kwa maandishi, katika mradi wake wa mwisho, kila onyo alilolizima na sababu yake.