Mninga Hautaki Haraka

Jina Mkuyuni lamaanisha mahali penye mkuyu. Lakini ukimwomba seremala wa huku Mwanza akutengenezee kitanda cha kudumu, hatakutajia mkuyu. Atakuambia, “Leta mninga.”

Mninga ni mti wa misitu ya miombo, kama ile ya Tabora na Katavi. Ukiukata kwa panga hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mbao zake za ndani ni za rangi ya kahawia, pengine zenye wekundu. Hukubali randa, hazipindiki ovyo zikikauka, na mchwa hawaziwezi. Ndiyo sababu kitanda alichonunua baba siku ya arusi, wajukuu waweza kukilalia.

Basi, wazazi mnaomwandalia kijana nyumba, angalieni msipunjwe. Ubao wa nje, ulio karibu na gome, ni mweupe, nao huliwa na wadudu. Ukipakwa rangi hufanana na ule wa ndani. Kwa hiyo pindueni kitanda mtazame chini, mahali ambapo rangi haikufika. Tena ulizeni kama mbao zilikauka vizuri kabla ya kuungwa.

Bei yake si ndogo, na sababu iko msituni. Mche wa mninga hufa sehemu ya juu kila kiangazi, lakini mizizi hubaki hai. Mvua zikinyesha huchipua tena. Huenda hivyo kwa miaka mingi, mpaka mizizi ipate nguvu ya kuinua shina. Tangu hapo hadi kufaa kupasuliwa mbao, yaweza kupita miaka 70 au zaidi. Aupandaye leo huwapandia wajukuu.

Kwa sababu hiyo sheria zimekazwa. Kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, haifai kuvuna mti huo msituni bila kibali. Tena mwezi wa Novemba 2022, mataifa yaliyokutana Panama yalipatana kwamba mninga usiuzwe nchi za nje bila hati maalumu.

Lakini kibali peke yake hakioteshi mti. Ndugu mkulima, ukiona kijiti cha mninga kimekauka wakati wa kiangazi, usiking'oe ukidhani kimekufa. Wala usiache moto wa kusafishia shamba ukimbilie porini, maana machipukizi yanayoungua kila mwaka huchelewa sana kuwa mti. Tukiyaunguza yote leo, watoto wetu watalalia nini?