Nyuma pafifie, bidhaa isikatwe: nilivyounga picha 9 kuwa moja

Wauzaji wenzangu, leo nawapa somo nililolilipia nauli.

Nauza vikapu vya kusuka mtandaoni, niko hapa Butiama. Nyuma ya duka kuna mabati machakavu na kamba ya nguo, kwa hiyo nilikuwa napiga kwa modi ya potreti ili nyuma pafifie. Mteja wa Musoma akaagiza kikapu. Mzigo ulipofika akaukataa: "Dada, mimi nilitaka kisicho na mikono kama pichani." Nikafungua picha. Kweli, mikono haipo! Simu huwa inakisia bidhaa inaishia wapi, na ile mikono myembamba iliifuta pamoja na mabati. Kikapu kikarudi, nauli zote mbili juu yangu.

Ndipo nikakutana na mbinu ya Ryan Brenizer, mpiga picha za harusi wa New York. Ukisogea karibu na kitu, vya mbali nyuma yake vinafifia kwa lenzi yenyewe, hakuna kukisia. Shida ni kwamba ukiwa karibu, kitu hakienei kwenye picha moja. Basi unapiga vipande vipande, halafu unaviunga.

Niliazima kamera yenye lenzi ya mm 50. Nilifanya hivi:

1. Niliweka kikapu mezani, mita 4 kutoka kwenye mabati. Mimi nikasimama hatua moja tu mbele yake.

2. Lenzi nikaifungua mpaka mwisho, f/1.8. Nikaweka fokasi kwenye kikapu, kisha nikazima otomatiki zote: fokasi, mwanga na rangi. Mara ya kwanza nilisahau mwanga, picha ikatoka na mabaka.

3. Nikapiga picha 9, mistari mitatu, kila moja ikiilalia jirani yake kama theluthi. Usitembee, geuza kamera tu. Upepo ukivuma, subiri.

4. Nikaziunga kwenye kompyuta kwa Hugin, programu ya bure, nikakata kingo.

Mabati yakabaki rangi tu, na mikono yote ipo.

Una simu tu? Jaribu, ila usitegemee makubwa maana lenzi yake ni ndogo. Kwenye simu nyingi ukibonyeza kioo na kushikilia, fokasi na mwanga vinajifunga. Piga kwa karibu, na bidhaa iwe mbali na ukuta.

Usifanye hivi kwa kila bidhaa, inakula muda. Mimi naitumia kwa picha ya kwanza ya bidhaa ghali. Zilizobaki napiga kivulini, nyuma nimetundika shuka moja safi.

Na kabla hujaposti, vuta picha kwa vidole uikague: mikono, vifungo, mikanda, vyote vipo? Mteja analipia anachokiona.

Yule wa Musoma nilimtumia picha mpya, ya kikapu kisicho na mikono kweli. Amekichukua.