Sikiliza Nyuki Kabla ya Kufungua Mzinga

Tukitembelea vikundi vinavyofuga nyuki, twasikia mengi kuhusu mvumo wa wadudu hawa. Wengine husema nyuki anavuma kwa mdomo. Wengine wanadhani kila mvumo ni vita. Sivyo. Mvumo ni kazi, na anayeuelewa huumwa mara chache.

Nyuki hana koo la kutoa sauti kama letu. Mabawa yake manne yameshikana na kifua, na ndani ya kifua mna misuli yenye nguvu. Misuli hiyo huubana ukuta wa kifua na kuuachilia, nayo mabawa yanapanda na kushuka. Nyuki wa asali hupiga mabawa kama mara 230 kwa sekunde moja. Chapa fito hewani: polepole husikii kitu, upesi inavuma. Basi ndivyo ilivyo kwa mabawa.

Lakini hata akiwa ametulia, nyuki aweza kuvuma. Huacha mabawa yakalala, akatetemesha misuli tu, kama gari lililosimama huku injini inanguruma. Kwa nini?

Kwanza, kupata joto. Asubuhi ya baridi hawezi kuruka mpaka misuli ipate moto. Tena nyuki hutetemeka hivyo ili majana yao yakae kwenye joto la kama digrii 35.

Pili, kutikisa maua. Wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa hushika ua la nyanya au la biringani na kulitetemesha kwa kifua. Chavua humwagika kupitia vitundu vidogo, kama chumvi kutoka kwa kopo lake. Nyuki wa asali hawafanyi kazi hii. Kwa hivyo ukiwachoma hao weusi, unafukuza vibarua wasiodai mshahara.

Jua likiwa kali, mvumo mwingine hutoka mlangoni mwa mzinga. Huko nyuki wanapiga mabawa kupitisha hewa, ili mzinga upoe na maji yapungue katika asali.

Halafu kuna onyo. Wakisumbuliwa, nyuki wengi huvuma kwa ukali na kwa ghafla. Hata ndovu anaelewa. Katika utafiti uliotolewa mwaka wa 2007, ndovu wa Samburu na Buffalo Springs walichezewa sauti ya nyuki wenye hasira, na jamii nyingi za ndovu zikatoroka. Huko Sagalla, karibu na Voi, wakulima wametundika mizinga kuzunguka mashamba na kuiunganisha kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka.

Sasa wewe mfugaji ufanye nini? Jioni, ukiwa umevaa nguo za kazi na moshi uko tayari, simama kando ya mzinga, si mbele ya mlango. Sikiliza. Mvumo wa chini uliotulia maana yake wanaendelea na kazi, fungua polepole. Ukipanda ghafla na kuwa mkali, funika, ondoka, urudi siku nyingine. Na dawa ya wadudu usinyunyize mchana maua yakiwa wazi.

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Sisi twaongeza: msikilize kwanza.