Sanduku la Hija lichaguliwe na atakayelivuta

Kila mwaka, semina za manasiki zinapoanza na majina ya wanaokwenda Hija yakawa yanatajwa misikitini, maswali yanayotufikia ofisini huwa ya namna mbili. Yako ya ibada, na hayo tunayaelekeza kwa masheikh. Yako pia ya dunia: viatu gani, dawa gani, pesa kiasi gani zibadilishwe, na sanduku la namna gani. Maswali ya ibada yana vitabu na walimu wake. Hili la sanduku halina mwalimu, na kwa ajili hiyo huachiwa muuza duka, au huachiwa mtoto mkubwa wa familia ambaye shauku yake ni kumwona mama yake akiondoka na kitu cha heshima. Wiki hii tumeona tulizungumze, kwa kuwa hujaji aliyejinyima miaka mingi ili afike Makka hastahiki kumalizia nguvu za magoti yake uwanja wa ndege kabla hajaiona Kaaba.

Wafasiri wanaeleza kuwa aya ya 197 ya Suratul-Baqara, pale inapowaamrisha mahujaji kuchukua masurufu, iliteremka kuhusu watu wa Yemen waliokuwa wakitoka kwao bila ya chochote, wakijiita wenye kutawakali, kisha wakifika Makka wakiwaomba watu. Kwetu leo jambo limepinduka. Hujaji wa Dar es Salaam, Unguja au Mombasa hatoki mikono mitupu. Anatoka na nguo ambazo nusu yake hatazivaa, na anarudi akidaiwa zawadi na ukoo mzima.

Tuanze na hizo zawadi, kwa sababu ndizo hasa zinazochagua sanduku. Katika maduka ya Kariakoo masanduku huuzwa kwa seti, matatu yakiingiana, na familia huelekeza macho kwenye lile kubwa kuliko yote. Hesabu yao ni ya kurudi: misala, tasbihi, tende, mabaibui, manukato. Hakuna anayelifikiria sanduku lenyewe likiwa limejaa. Mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo 23 kwa mzigo mmoja, na mzigo unaozidi kilo 32 kwa kawaida haupokelewi kabisa hata ukiulipia, kwa sababu wapo wanadamu wanaounyanyua kwa mikono na migongo yao. Ukubwa nao una mpaka: urefu, upana na kina vikijumlishwa, pamoja na magurudumu na mpini, visizidi sentimita 158 kwa mashirika mengi. Sanduku kubwa la seti hukaribia mpaka huo, na likijazwa nguo na tende huvuka kilo 23 kwa wepesi mno. Aidha, lenyewe likiwa tupu laweza kuwa na kilo nne au tano, ambazo zote zinahesabiwa. Atakayetumia kilo tano kwa kubebea sanduku amebakiwa na kumi na nane za kubebea vitu. Yapo mashirika yanayotoa mizigo miwili, na yapo yanayotoa mmoja. Msomaji aitazame tiketi yake mwenyewe, wala asitegemee alichoambiwa na jirani aliyekwenda mwaka juzi.

Bibi mmoja wa mtaani kwetu, mwenye miaka sabini na ushei, alinunuliwa na wanawe sanduku ambalo yeye mwenyewe angeweza kuingia ndani yake akafungiwa. Tulimwomba alivute likiwa na vitu, kutoka barazani mpaka kwenye lango la msikiti. Alikwenda hatua kama kumi, akaketi juu yake. "Wanangu," akatuambia, "hili linataka punda." Wanawe walilirudisha dukani siku ile ile, wakachukua la kati.

Kipimo hicho tunampendekezea kila mwenye kununua. Tia ndani ya sanduku madumu mawili ya maji ya lita kumi kumi, ambayo ni kilo ishirini, kisha atakayesafiri, na si mwanawe wala mkwewe, alivute uani, aligeuze, alipandishe kizingiti, na mwisho ajaribu kuliinua mpaka kwenye kiti. Akiliweza ni lake. Asipoliweza, hata likiwa zuri kiasi gani, si lake. Kiongozi wa kikundi ana mahujaji makumi kwa mkupuo mmoja, na pale Jeddah, katika foleni ya pasi na ukumbi wa mizigo, kila mtu huvuta cha kwake. Kwa wengi, sanduku la kati, lenye kimo cha sentimita 65 hivi, linatosha na kubaki.

Tukija kwenye mada lililotengenezwa, masokoni kuna makundi mawili: magumu ya plastiki na malaini ya kitambaa. Yale magumu si mamoja. Yapo ya ABS, ambayo ni rahisi kwa bei, yanang'aa, na yana tabia ya kupasuka pembeni yanapotupwa. Yapo ya polikaboneti, ambayo hubonyea na kurudi, na yapo ya polipropilini, mepesi na yenye kustahimili. Muuza duka atakuambia yote hayavunjiki. Weka kidole gumba katikati ya ubavu na ubonyeze: ubavu mzuri huzama kidogo kisha hurudi mahali pake bila kuacha alama. Ule mkavu unaolia kama kifuniko cha ndoo uache hapo hapo dukani.

Hata hivyo, kwa safari ya Hija sisi tunaegemea upande wa kitambaa, nailoni nzito iliyofumwa kwa kushikamana, na sababu yetu pengine itamshangaza msomaji. Sanduku gumu hufunguka katikati kama kitabu, nusu huku na nusu kule, kwa hiyo linataka sakafu mara mbili ya ukubwa wake. Chumba cha mahujaji Makka huwa cha watu wanne au watano, vitanda vimekaribiana, na njia ya kwenda msalani ni moja. Masanduku manne yakifunguliwa hivyo kwa pamoja, hakuna pa kukanyaga, na mzee anayeamka saa nane za usiku kwenda Haram atajikwaa tu. La kitambaa hufunguka kwa juu, likakaa chini ya kitanda au kando ya ukuta, na mwenyewe akachukua kanzu yake bila kumwamsha mwenzake. Anayekwenda Dubai au Guangzhou kwa biashara, akilala chumba cha peke yake na akirudi na vitu vya kuvunjika, yeye achukue gumu.

Magurudumu nayo yana mjadala wake. Inafaa kukumbuka kuwa sanduku la magurudumu ni jambo la juzi tu. Mmarekani Bernard Sadow alipata wazo hilo mwaka 1970 akirejea kutoka Aruba, akapewa hataza mwaka 1972. Lile la kusimama lenye mpini wa kuchomoza likaja mwaka 1987 kwa rubani Robert Plath. Babu zetu walisafiri kwa merikebu na masanduku ya mbao yaliyobebwa na wachukuzi. Leo mchukuzi ni gurudumu, kwa hiyo lichunguzwe kama mchukuzi. Magurudumu manne yanafaa sana kwenye sakafu laini, kwani sanduku husukumwa likiwa wima kando ya mtu na mgongo haupindi. Mawili, yaliyo makubwa na kuzama ndani ya mwili wa sanduku, yanashinda kwenye vumbi, mawe na kingo za barabara. Kwa mzee tunachagua manne, yenye tairi pacha kila pembe, kwa kuwa anakokuwa peke yake ni ndani ya uwanja, na huko nje kijana wa kikundi atamsaidia. Tazama yamefungwaje: yaliyofungwa kwa skrubu fundi wa mtaani ataweza kuyabadilisha, na yaliyopigwa ribiti yakivunjika sanduku limekwisha. Chomoa mpini mpaka juu, uutikise. Ukicheza dukani, utang'oka safarini.

Zipu ndiyo inayosahauliwa kuliko vyote. Zipu nyembamba hupasuliwa kwa ncha ya kalamu ya wino, kitu kikachukuliwa, kisha vishikio vikapitishwa juu yake ikafunga tena kama hapajatokea lolote, na kufuli likabaki likining'inia bila kazi. Hatusemi hili kwa kuwatia watu hofu. Tunasema ili mnunuzi atazame meno ya zipu kabla ya kutazama rangi. Nyuma ya kishikio mara nyingi pana namba: 8 au 10 ni pana na madhubuti, 5 ni ya begi dogo. Na kwa vyovyote, pesa, dhahabu, dawa na nyaraka hazina mahali ndani ya mzigo unaokwenda chini ya ndege.

Pamoja na hayo kuna jambo moja linalogusa ibada yenyewe. Hujaji anayeruka moja kwa moja kutoka kwetu kwenda Jeddah hupita mkabala wa mikati angani. Kwa njia ya huku kusini ni Yalamlam, mikati ya watu wa Yemen. Mwenye kunuia Hija au Umra hana ruhusa ya kuivuka bila ihramu. Sasa, mwanamume ambaye shuka zake mbili ameziweka ndani ya sanduku kubwa, na sanduku liko tumboni mwa ndege, atafanya nini hapo? Shuka za ihramu ama zivaliwe nyumbani au uwanjani kabla ya kupanda, ama ziwe katika begi la mkononi. Wanaoanzia Madina wana nafasi, kwani mikati yao itakuwa Dhul-Hulayfa watakapotoka kwenda Makka, ingawa hata wao wasilitegemee sanduku ambalo laweza kuchelewa. Begi hilo la mkononi, ambalo mashirika mengi hulipa kilo saba, liwe la mgongoni. Ndilo litakalokwenda Mina na Arafa, kwa sababu sanduku kubwa hubaki hotelini Makka. Ndani yake pia ndipo pa pawabanki ya simu, ambayo haikubaliwi kabisa katika mzigo wa chini kwa hofu ya moto. Masanduku yenye betri ndani yake, isiyotoka, yanakataliwa na mashirika mengi tangu mwaka 2018, hujaji hayahitaji.

Wakati wa kurudi, familia zielewe kuwa maji ya Zamzam hayatiwi ndani ya sanduku. Huja katika boksi lake la lita tano lililofungwa rasmi, na maafisa wa Jeddah wakiyaona kwenye mashine ndani ya mzigo huyatoa. Vilevile furushi la shuka, mzigo wa mviringo, au begi lililokazwa kwa kamba huweza kukataliwa, kwa kuwa mikanda ya mitambo inataka mzigo wenye upande bapa, na kamba hunasa. Tunawasihi wana na wajukuu wapunguze orodha zao. Misala inayouzwa kule inapatikana pia Kariakoo na Darajani, na mama akirudi salama zawadi imeshafika.

Alama ya kulitambulia sanduku iwe ya mtu, isiwe ya kikundi. Tumeona vikundi vikifunga utepe wa kijani kwenye masanduku meusi ya watu wote, na ukumbini mahujaji hamsini wakasimama wakitazama masanduku hamsini yenye utepe wa kijani. Kipande cha khanga ya nyumbani, kilichoshonwa kwenye mpini, kinamtosha bibi asiyesoma herufi. Jina na namba ya simu, pamoja na namba ya kiongozi wa kikundi, ziandikwe nje, na karatasi nyingine yenye maelezo hayo hayo iwekwe ndani, kwani kadi ya nje hukatika. Lipigwe picha kwa simu likiwa limefungwa na likiwa wazi.

Sanduku lisipoonekana, hujaji asitoke ukumbini. Aende dawati la mizigo, ajaze ripoti, apewe namba. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania, Kenya na Saudi Arabia zimo, unampa haki: mzigo ulioharibika udaiwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kupokewa, uliochelewa ndani ya siku 21 tangu kukabidhiwa, na usiofika baada ya siku 21 abiria anaweza kuudai kama uliopotea. Hayo yote hayawezekani bila kile kikaratasi chenye namba kinachobandikwa kwenye tiketi au pasi wakati wa kukabidhi mzigo, ambacho wengi hukitupa kabla hawajafika kwenye geti. Kishikizwe ndani ya jalada la pasi kwa pini.

Ofisi ya msikiti wetu ina mizani ndogo ya kuning'iniza. Wanaosafiri msimu huu waje na masanduku yao yaliyojaa baada ya sala ya Alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa, na waje wenyewe badala ya kuwatuma watoto.